Toleo la Kwanza

Kila mtu ana wazimu wake. Wazimu wa yule fundi wa lifti ulikuwa na mkia, meno na kucha.

Wenzake kazini walimwita Mifupa, na mkewe naye akalizoea jina hilo mpaka likawa la mapenzi. Mtu mzima, ndevu zake, kutwa yuko ndani ya mashimo ya lifti, grisi hadi viwikoni. Akirudi nyumbani anaoga, anakula, kisha huyo anajifungia chumba kidogo cha nyuma na dinosaria wake. Na usithubutu kusema anacheza.

"Silingani na watoto mimi," husema. "Nalinganisha."

Chumba kilijaa rafu, na rafu zilijaa dinosaria wa plastiki, wale wenye viungo. Taya hufunguka, shingo hugeuka, goti hukunjwa, mkia una waya ndani yake, ukiupinda unabaki ulivyoupinda. Mifupa alipenda kuwasimamisha wawili wa aina moja chini ya taa, ubavu kwa ubavu, akawainamia kama daktari. Huyu wa toleo la kwanza. Huyu nakala, wamemtoa baadaye katika umbo lile lile. Tazama rangi ya jicho. Tazama mshono chini ya tumbo.

Mkewe alikuwa mshonaji, ana kiduka chake cha cherehani, kwa hiyo katika maneno yote hayo la mshono ndilo pekee lililomgusa. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

"Wenzangu wanagombana na waume zao juu ya vidosho," alimwambia siku moja. "Mimi mke mwenzangu ana magamba."

"Fundi, usione wivu," Mifupa akajibu. Hivyo ndivyo alivyomwita mkewe, Fundi. "Wewe huna nakala."

Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Mifupa alikuwa na mapumziko. Katika kundi lao la simu, ambamo wakusanyaji hutumiana picha za dinosaria na kubishana juu ya vidole vya miguu, alikuwamo mzee mmoja waliyemwita Mzee Glavu, kwa kuwa katika kila picha mikono yake ilikuwa imevaa glavu nyeupe za kitambaa. Mzee huyo hakuwa msemaji. Lakini alikuwa amemwandikia Mifupa: njoo na yule wako mwenye mabamba mgongoni, ninaye mwenzake, tuwalinganishe. Mifupa akamfunga dinosaria wake kwa taulo kama mtoto mchanga, akaondoka baada ya chakula cha mchana, akipiga mluzi.

Akaondoka na ufunguo wa nyumba.

Mshonaji aligundua hilo jioni, alipofika mlangoni na kibegi chake, miguu ikiwaka moto kwa kukanyaga cherehani kutwa. Akapiga simu. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakata.

"Leo tutaonana wabaya," alisema peke yake.

Mahali alipajua kwa maelezo ya mumewe. Nyuma ya kiwanda cha zamani cha uchapaji, geti la kijani, nyumba ya mwisho kabla ya ukuta. Akaenda akinung'unika, akipanga maneno atakayosema mbele ya huyo mzee na yale ya kusubiri hadi nyumbani. Jua lilikuwa limeshazama, mbingu bado nyeupe. Mtaa ulikuwa kimya. Pembeni mwa kiwanda kulikuwa na duka dogo la sabuni na mkate, mwenye duka amekaa mlangoni akichambua maharage. Alimtazama mshonaji akipita.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Kabla hajagonga mlango, mlango ukafunguliwa.

"Umemfuata mwenzio," mzee alisema.

Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na glavu zilikuwa nyeupe pepepe. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Alisogea kando kumpisha.

Mshonaji akaingia. Na hapo pua yake ikashtuka. Harufu ya plastiki mpya, plastiki iliyopata joto, na chini yake harufu nyingine, tamu kidogo, kama gundi... kama nywele zilizounguzwa na pasi. Nyuma yake mlango ukajifunga. Aligeuka kuutazama. Upande wa ndani haukuwa na kitasa. Palikuwa na ubao laini tu, uliopakwa rangi, hata tundu la ufunguo halikuwapo.

"Mzee, mlango huu..."

"Twende. Anakungoja."

Ukumbi ulikuwa mrefu kuliko nyumba yenyewe ilivyoonekana kutoka nje. Madirisha yalikuwa yamepakwa chokaa vioo vyake, mwanga wa jioni ukapenya humo kama maziwa yaliyotiwa maji. Kuta mbili zote zilikuwa rafu. Dinosaria kutoka sakafuni hadi darini, na wote walikuwa wawili wawili. Mwenye pembe tatu na mwenzake. Mwenye shingo ndefu na mwenzake. Kila jozi imesimama mkao ule ule, mguu ule ule mbele, taya zimeachama kiasi kile kile.

Tak.

Sauti ndogo. Kama kiungo kinachogeuzwa.

Tak... tak.

Mshonaji hakutaka kugeuza kichwa. Alitazama visigino vya mzee, akamfuata.

Chumba cha mwisho kilikuwa na taa moja iliyoning'inia chini. Chini ya taa palikuwa na viti. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, viganja juu ya magoti.

Na kando yake, kwenye kiti cha pili, alikaa mumewe.

Mshonaji aliwanyooshea kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Nani... nani huyu?"

"Hilo ndilo swali," mzee alisema kwa upole. "Mmoja aliingia humu mchana kwa miguu yake, amebeba taulo. Mwingine nilikuwa naye siku nyingi. Hakuwa na sura. Sasa anayo."

"Nataka mume wangu."

"Mchukue. Mlango wangu hufunguka kwa wawili wanaotoka pamoja. Linganisha, mwanangu. Mumeo amekaa nami tangu mchana akinifundisha namna ya kulinganisha. Bila shaka na wewe alikufundisha."

Alikuwa amemfundisha. Miaka na miaka. Na yeye alikuwa akipiga pindo za suruali huku akiitikia "mmh".

Akawasogelea. Miguu ilikuwa mizito, kana kwamba sakafu ilikuwa na gundi. Macho ya wale wawili yakamfuata, jozi mbili za macho, zimejaa hofu ile ile. Hawakutikisika. Vifua vilipanda na kushuka kwa pamoja.

Alianza na alichokijua. Mshono. Shati la samawati alilishona yeye mwenyewe, na kwapa la kushoto aliliziba lilipochanika, kwa uzi usiofanana sana kwa sababu ule wa rangi yake ulikuwa umekwisha. Akainua mkono wa yule wa kwanza. Kiraka kilikuwepo, uzi ule ule. Akainua mkono wa yule wa pili. Kiraka. Uzi ule ule. Hata pale sindano iliporuka na kuacha kijitundu, kijitundu kilikuwepo.

Akawashika mashavu. Wote walikuwa na joto.

"Mifupa," alinong'ona. "Asubuhi ulinitania nini?"

Midomo minne ikasogea kwa pamoja.

"Kwamba chai yako ingeweza kuziba nyufa za ukuta."

Sauti mbili. Neno kwa neno. Mshonaji alirudi nyuma akagonga kitu kwa kisigino.

Kilikuwa kiti cha tatu. Kilikuwa kitupu.

Na nyuma yake cha nne. Hicho hakikuwa kitupu. Juu yake kulikuwa na kitu kilichofunikwa shuka, kimekaa wima, na chini ya shuka ilitokeza miguu miwili. Haikuwa na kucha bado. Ilikuwa laini kama nta. Lakini kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko gumba, na kisigino cha kulia kilikuwa na uvimbe mdogo wa mtu anayekanyaga cherehani kutwa.

Mzee alikuwa amesimama kando akimtazama. Mshonaji aliujua mtazamo ule. Ndio aliowatazamia wateja wake yeye mwenyewe kabla hajachukua tepu: bega, kifua, kiuno, nyonga.

"Usiharakishwe na mtu," mzee alinong'ona. "Kadiri unavyokaa ndivyo ninavyokufahamu."

Chini ya shuka, kitu kikavuta pumzi yake ya kwanza.

Mshonaji akapiga magoti mbele ya wanaume wale wawili. Akili ilikuwa ikimkimbia kama kuku aliyefunguliwa. Kovu? Wote walikuwa na kovu kidevuni. Jino? Wote jino lile lile limekatika pembe. Yule wa kushoto akaanza kutokwa na machozi, mshonaji akasema huyu, huyu ndiye... na kabla hajanyanyua mkono, machozi yakamtoka na yule wa kulia, kwa mwendo ule ule, yakaishia mahali pale pale.

Goti.

Mifupa aliwahi kuteleza ndani ya shimo la lifti akaanguka, na tangu hapo goti lake la kulia lilikuwa likilia. Akikunja, linalia. Akipanda ngazi, linalia. Mkewe alikuwa akimsikia anakuja kabla hajamwona.

Akaushika mguu wa yule wa kushoto, akauinua polepole, akaukunja. Kimya. Akaukunja tena. Kimya.

Akaushika mguu wa yule wa kulia.

Tak.

"Huyu!" alisema, akamkumbatia miguu. "Huyu ndiye mume wangu."

"Una hakika?"

"Ndiye!"

"Sema tena, ili nyumba isikie."

"Huyu ndiye mume wangu!"

Mtu aliyemkumbatia alishusha pumzi ndefu, akainuka, akayumba, akamshika bega. Mwisho wa ukumbi, mlango ulifunguka wenyewe na hewa ya mtaani ikaingia, ina vumbi na moshi wa majiko, na mshonaji hakuwahi kunusa kitu kitamu kama hicho.

Yule wa kushoto alibaki kitini. Kinywa chake kilifunguka.

"Fundi..."

Neno hilo tu. Mshonaji hakugeuka. Alimvuta mumewe, wakapita katikati ya rafu, wakatoka, wakakimbia hadi mwisho wa ukuta wa kiwanda.

Ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa mumewe.

Hawakulizungumza. Mifupa alisema alikumbuka kikombe cha maji, glavu nyeupe, kisha mkewe amepiga magoti mbele yake. Zaidi ya hapo hakujua. Alilala siku mbili, akaamka, akaenda kazini. Alikula vizuri. Alicheka palipostahili kicheko. Hata vyombo alianza kuosha, jambo ambalo kabla ya hapo lilihitaji maombi na kufunga. Majirani walimsifu. Mshonaji alimshukuru Mungu, akawa anamshika mkono usingizini.

Kisha mama mkwe akaja kuwasalimia.

Mwanawe alimpokea mizigo, akamkumbatia, akamkalisha. Mama alimtazama. Akamtazama tena. Alikuwa amekuja na nia ya kulala, begi lake lilikuwa na kanga za kubadilisha. Lakini chakula kilipotengwa alisema tumbo limemkataa, na kabla giza halijaingia akaomba kusindikizwa kituoni, asindikizwe na mkwewe, si na mwanawe.

Njiani alimshika mshonaji kifundo cha mkono.

"Mwanangu. Huyu mumeo... analala?"

"Analala, mama."

"Unamwona akilala?"

Mama mkwe hakusubiri jibu. Alipanda gari bila kugeuka nyuma.

Jioni iliyofuata Mifupa alikuwa chumba cha nyuma, mlango wazi. Mshonaji alisimama kizingitini. Hapo awali hakuwa na kawaida ya kusimama pale. Mumewe alikuwa ameshika dinosaria wawili, anakunja magoti yao zamu kwa zamu karibu na sikio. Mmoja alilia. Mwingine hakulia.

"Yupi wa toleo la kwanza?" mkewe aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimfika kutoka mbali.

"Huyu aliyenyamaza," mumewe alisema bila kuinua uso. Alikuwa anatabasamu. "Watu wengi hukosea hapo. Kiungo kinacholia ni kipya, bado kinabana. Kikitumika miaka kinalegea, kinanyamaza."

Mshonaji alirudi jikoni, akakaa juu ya ndoo.

Lakini goti la mumewe lilikuwa likilia. Si lilikuwa likilia? Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisikia. Wiki ile kabla ya kwenda kwa mzee? Mwezi ule? Au lilikuwa limeshaacha zamani, limepona polepole kama viungo vinavyopona, na yeye akaendelea kulisikia kichwani kwa mazoea tu, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani iliyokwisha betri? Alikaza fikira hadi kichwa kikamuuma. Kumbukumbu ilikuja imefutika. Kila akiisogelea, alikuta "mmh" yake mwenyewe.

Siku iliyofuata alifunga kiduka mapema, jua bado kali, akaenda.

Geti la kijani lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wenye kutu. Majani yalikuwa yameota kwenye ngazi. Mwenye duka la sabuni na mkate alimwona akihangaika na mnyororo, akamjia, akifuta mikono.

"Dada, umesahau nini tena? Si una mlango wa nyuma?"

"Mimi? Mimi siishi hapa."

Mwenye duka akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Si wewe?" Alimsogelea, akamchunguza. "Basi nisamehe. Kuna dada nimekuwa nikimwona pale dirishani tangu majuzi, pale chokaa ilipobanduka. Amekaa tu. Nikasema labda mzee amepata tena wa kumwangalia. Yule wa kwanza, mkewe, alikuwa akikaa hapo hapo. Wengine walisema alikuwa ameshakufa na mzee akamrudisha, mimi sijui, mimi nauza sabuni. Nilichokiona ni kwamba mzee alikuwa akizeeka na mkewe hazeeki." Akatema mate pembeni. "Dada, toka hapo getini."

Akarudi dukani kwake, akavuta mlango.

Mshonaji hakutoka. Alipenyeza mwili wake kati ya geti na nguzo, sketi ikachanika, akafika mlangoni. Akaegemeza sikio kwenye ubao.

Kimya.

"Upo humo?" alinong'ona. "Kama upo, nipe ishara. Nitavunja. Nitaita watu."

Kimya... kisha, mbali sana ndani, mguu wa kiti ukakwaruza sakafu. Mara moja. Kama mtu anayejaribu kuinuka kwa nguvu zake zote na kushindwa.

Aliinua ngumi agonge.

Mkono ukaishika ngumi ile hewani.

Hakuwa amesikia hatua. Mumewe alikuwa nyuma yake, bado amevaa ovaroli ya kazini, jasho usoni. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyechoka sana, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nilijua utakuja huku," alisema taratibu.

"Niache nigonge. Kama wewe ndiye, itakudhuru nini nikigonga?"

Alimtazama mkewe, akautazama mlango, midomo ikacheza.

"Uliambiwa uchague," alisema. "Ukasema ni mimi. Ukarudia. Nilikuwa pale nimekaa, siwezi hata kupepesa, na nikakusikia ukisema ni mimi. Sasa unataka kumsikia nani mwingine?"

Maneno hayo angeweza kuyasema mume aliyeumizwa na mkewe. Angeweza kuyasema na yule mwingine. Mshonaji aliyapima kila upande, kama kitambaa kisicho na mbele wala nyuma. Akivunja mlango na kumkuta Mifupa, atakuwa amelala siku zote hizi na kitu asichokijua. Akivunja na kumkuta yule mwingine, atakuwa amemkana mumewe mbele ya uso wake, na kutoa nje jambo lisilorudishwa ndani. Na kwa vyovyote vile, humo ndani palikuwa na kiti cha nne, na aliyekikalia alikuwa tayari na sura.

Ngumi yake ikalegea. Vidole vya mumewe vikaingia katikati ya vidole vyake, vina joto kama la mtu yeyote.

"Twende nyumbani," mumewe alisema.

Wakapita getini, yeye mbele, mwanamume nyuma akimshikia mnyororo usimchane. Wakapita duka lililofungwa. Mtaani watu walikuwa wakitoka kazini, wengine wakawasalimu, na mshonaji akaitikia kila salamu, kwa sauti ya kawaida, maana alikuwa ameanza kujizoeza kuishi bila kujua.